Gari Linagonga Ukikata Kona: Mtafute Mchawi Kabla ya Kununua Spea

Nilikuwa nimetoka Kolo, kule Kondoa, kuwapeleka wageni kuona michoro ya miambani. Lami ya kutoka Dodoma haina neno. Shida ni kile kipande cha kupanda mlimani, mawe matupu. Kesho yake asubuhi narudi nyuma kutoka getini kwangu Nkuhungu, usukani nimeukata wote, nikasikia "ko!" moja nzito upande wa kulia. Nikajisemea ni jiwe. Baada ya wiki jiwe hilo lilikuwa linagonga kila kona, na nikigeuza gari pale Sabasaba hata wauza nyanya walikuwa wanainua vichwa.

Fundi wa kwanza alitikisa tairi mara mbili, akanyanyuka, akajifuta mikono. "Bosi, raki hiyo imekwisha." Raki ndiyo inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi. Ya mtumba, ufundi, na alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa tairi) juu yake, laki tatu na kitu zikaondoka. Natoka gerejini, kona ya kwanza, "ko!" Kilichokuwa kinagonga ni beringi ya juu ya shokapu, ambayo yule fundi hata hakufungua boneti kuitazama. Na raki yangu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, niliporudi kuiulizia ilikuwa imeshapata mnunuzi.

Tangu siku hiyo sinunui spea mpaka mkono wangu uwe umeugusa ubovu wenyewe. Chuma kinasafirisha sauti. Mlio unaoanzia kwenye wishiboni, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, unausikia kwenye dashibodi, na wa kulia unaweza kuapa kwamba uko kushoto. Sikio linakuonesha mtaa. Nyumba unaitafuta kwa mkono.

Ninayoeleza hapa yanahusu magari madogo yanayovutwa na tairi za mbele, yale yaliyojaa mjini kwetu: Vitz, IST, Passo, Premio na ndugu zao, ambayo mbele yana shokapu ndefu iliyovikwa springi. Mwenye pikapu au Land Cruiser atakuta vyuma vingine huko chini, ila namna ya kutafuta haitofautiani sana.

Hatua ya 1: Jua mlio unakuja lini

Zima redio, shusha vioo, nenda kwenye kiwanja cha wazi kilicho sawa. Dodoma hatujapungukiwa viwanja. Kaa na simu au karatasi uandike, maana ukifika gerejini utaulizwa "inagonga vipi?" na utajikuta unaiga mlio kwa mdomo huku vijana wanacheka.

Anza gari likiwa limesimama, injini inawaka. Zungusha usukani taratibu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Likigonga hapo, wakati tairi hazisogei mbele wala nyuma, unaanza kuwashuku walioko kwenye njia ya kukatia kona: maunti (kikalio cha mpira) na beringi ya juu ya shokapu, springi iliyokatika, tairodi endi (jointi ya mwisho wa chuma kinachotoka kwenye raki kwenda kwenye gurudumu), bolti za raki, au krosi jointi ya mhimili wa usukani inayopita karibu na pedeli.

Kisha kata usukani mpaka karibu na mwisho, zunguka duara polepole kushoto, halafu kulia. Ukisikia "taka-taka-taka" inayoongeza kasi kadiri gari linavyoongeza mwendo, hiyo ni sivi jointi ya nje, jointi ya ekseli iliyo karibu na tairi. Mlio huu una tabia yake, haufanani na mwingine: unahesabu mizunguko ya tairi. Mara nyingi inayopiga kelele ni ile ya tairi iliyo nje ya duara.

Baada ya hapo tafuta rasta. Barabara ya Morogoro hutazikosa, kila kijiji kinakukaribisha nazo kabla ya tuta. Pita polepole usukani ukiwa umenyooka. Mlio mwepesi, mkavu, kama spana mbili zinagongana ndani ya ndoo, karibu kila mara ni stabilaiza linki, kile chuma kifupi kinachounganisha shokapu na bomba la stabilaiza linalozuia gari kulala kwenye kona. Linki pia ndiyo inayowadanganya watu wengi wakadhani ni usukani, kwa sababu ukiingia getini unakata kona na wakati huohuo tairi moja inapanda kizingiti nyingine iko chini, na hapo ndipo linki inapofanya kazi kweli.

Mwisho, kanyaga breki ghafla ukiwa kwenye mwendo mdogo, na ubadilishe gia kutoka R kwenda D mguu ukiwa kwenye breki. "Ndu!" moja inayotikisa sakafu inaelekea kwenye bushi za wishiboni (mipira ya kwenye maungio yake) au maunti za injini.

Kuna sauti mbili ambazo si za kugonga na hazihusiani na haya. Ile "ngwiii" usukani unapofika mwisho, kwa gari lenye pawa stelingi ya oili, ni pampu inalia. Tazama kiasi cha oili na usiushikilie usukani pale mwishoni. Na mkwaruzo wa "krr" ndani ya usukani wenyewe, hasa ukiambatana na taa ya eabegi, ni utepe wa nyaya uliojiviringisha nyuma ya usukani. Huo usiuchokonoe mwenyewe, kwa sababu eabegi inaweza kukulipukia usoni.

Hatua ya 2: Vya bure kwanza

Spana ya tairi, zungukia nati zote. Toyota nyingi ni namba 21. Nati zilizolegea zinagonga kwenye kona kama ugonjwa mkubwa, na zinalegea sana baada ya kuziba pancha njiani na kijana aliyezikaza kwa haraka. Ukikuta zimelegea, zikaze kwa kukingamisha, si kwa kufuata mduara, na ukague kama matundu ya rimu hayajaliwa.

Kisha toa kila kitu kwenye buti. Jeki, tairi ya akiba, dumu la mafuta ya alizeti ulilosahau tangu umerudi Kibaigwa. Usicheke, nimeshuhudia.

Hatua ya 3: Mtu kwenye usukani, wewe kwenye boneti

Hapa ndipo fundi wangu wa kwanza alipopita bila kusimama, nami nitakaa hapa kidogo.

Gari liko chini kwa miguu yake yote, handibreki juu, gia kwenye P, injini inawaka. Fungua boneti. Feni inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote, kwa hiyo mikono ya shati ikunje, na mwenye nywele ndefu au ushungi aufunge vizuri. Mwambie msaidizi wako azungushe usukani taratibu. Weka kiganja juu ya kichwa cha shokapu, pale penye zile nati za pembeni, tatu kwa magari mengi, na nati moja kubwa katikati. Kisha pitisha mkono nyuma ya tairi na uguse springi kwa nje kwa ncha za vidole tu. Usiingize kidole katikati ya mizunguko yake.

Springi ya gari lisilo na ubovu inageuka pamoja na tairi bila kusita. Ya kwangu haikufanya hivyo. Tairi iligeuka, springi ikakataa, nikaisikia inajikaza chini ya vidole kama kamba ya ndoo inavyojinyonga, halafu ghafla ikajiachia, "tang'!", na boneti nzima ikatetemeka. Beringi ya juu ilikuwa imekwama, springi ikawa inazunguka kwa kuruka. Kazi ya dakika mbili, haina hata spana.

Ukiwa hapohapo, mulika tochi mzunguko wa chini kabisa wa springi. Hupenda kukatika pale, na kipande kilichokatika hukaa mahali pake usikione mpaka ukipapase. Jeraha la zamani lina kutu, la juzi linang'aa.

Sasa zima injini na uende chini ya upande wa tairi. Huhitaji kuingia chini ya gari, lala tu pembeni. Safari hii msaidizi asizungushe hadi mwisho. Kijana wa jirani yangu aliniuliza, "Mjomba, kidogo kiasi gani?" Nikamwambia, kama mtu anayekataa chai kwa kichwa. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, sentimita chache tu.

Weka kidole kimoja kwenye makutano ya tairodi endi, nusu ya kidole kwenye chuma cha tairodi na nusu kwenye mkono wa gurudumu. Jointi nzima, vyuma viwili vinasogea kama kimoja. Jointi inayocheza, kimoja kinatangulia kisha kingine kinafuata, na kidole kinaona pengo hilo hata kama macho hayalioni. Fanya hivyo kwenye raki pale inapofungwa kwenye fremu: nyumba ya raki haitakiwi kusogea hata kidogo. Ikisogea, ni bolti au bushi zake, na hapo huhitaji raki nyingine. Kwa krosi jointi ya usukani, ingia ndani, ishike kwa mkono karibu na pedeli wakati msaidizi anaendelea kukataa chai. Mlio wake utausikia mkononi kabla ya masikio.

Hatua ya 4: Nyanyua gari

Jeki peke yake haimshikilii mtu. Ardhi yetu ni kavu na ngumu leo, kesho ikinyesha inakuwa uji, kwa hiyo weka kipande cha ubao mpana chini ya jeki, mawe mawili nyuma ya tairi za nyuma, na ukishanyanyua weka stendi au gogo nene chini ya sehemu imara ya bodi. Tairi ya akiba iliyolazwa chini ya bodi ni bima ya ziada. Kama huna hata kimoja kati ya hivyo, ishia hatua ya tatu na upeleke gari kwenye gereji yenye shimo.

Shika tairi saa tatu na saa tisa za mshale wa ukutani, yaani kulia na kushoto, isukume na kuivuta. Ikicheza, ni tairodi endi au raki endi, ile jointi ya ndani upande wa raki. Kuzitofautisha, bonyeza ule mpira wenye mikunjo wa raki huku mtu mwingine anatikisa tairi. Raki endi mbovu utaisikia inagonga ndani ya mpira.

Kisha shika juu na chini. Ikicheza, msaidizi akanyage breki na wewe utikise tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya gurudumu, kwa sababu breki imeifunga disiki na kile chuma kinachobeba gurudumu vikawa kitu kimoja. Mchezo ukibaki, ni boljointi, ile inayounganisha wishiboni na chuma hicho. Ithibitishe kwa kuingiza mtaimbo kati ya wishiboni na kile chuma, tairi ikiwa inaning'inia, na kuuinua kidogo. Boljointi nzima haipandi wala haishuki.

Kwa mtaimbo huohuo jaribu bushi za wishiboni. Mpira kujinyumbua kidogo si ugonjwa, ndiyo kazi yake. Unachotafuta ni mpira uliochanika au kuachana na chuma chake, hadi chuma kinagonga chuma. Jua la huku linaukausha mpira hadi unakuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima.

Tazama pia mipira yote ya vumbi. Mpira uliopasuka unavuja grisi na kuingiza vumbi, na vumbi la Dodoma likichanganyika na grisi ni msasa kamili. Grisi iliyotapakaa upande wa ndani wa rimu ni damu ya sivi jointi.

Shusha gari kabla hujaijaribu stabilaiza linki. Tairi moja ikiwa juu na nyingine chini, bomba la stabilaiza linajinyonga na kuibana linki, na linki mbovu itajifanya nzima. Gari likiwa chini, ishike kwa nguvu uitikise. Ikitoa "tik tik" mkononi, umeshaipata.

Hatua ya 5: Kutengeneza

Linki ni kazi ya Jumamosi asubuhi kwa mtu mwenye spana na subira. Nyanyua mbele yote, pande zote mbili, weka stendi, toa tairi. Safisha nyuzi za bolti kwa brashi ya chuma na uzipulizie dawa ya kutu usiku uliotangulia. Nati ukiizungusha, bolti ya linki nayo inapenda kuzunguka. Izuie kwa alenki (spana ya pembe sita) kwenye tundu lililo katikati yake. Nyingi zinaishia kukatwa kwa msumeno, usisikitike, linki mpya inakuja na nati mpya. Badili zote mbili.

Tairodi endi inawezekana pia, kwa sharti la kuhesabu. Kabla ya kulegeza loki nati, ile inayoizuia tairodi endi isizunguke, piga alama ya rangi pale ilipo. Toa spliti pini (pini inayozuia nati isilegee), legeza nati, kisha piga kwa nyundo ubavu wa ule mkono wa gurudumu, si bolti yenyewe, mpaka jointi iachie. Hesabu mizunguko unapoitoa, rudisha mpya kwa mizunguko ileile. Spliti pini iwe mpya. Msumari uliokunjwa si spliti pini, hata kama fundi anakuambia ameufunga kwenye magari mia.

Beringi na maunti ya shokapu mwachie mwenye vibano vya springi. Nasema hivi kwa msisitizo: ile nati kubwa ya katikati juu ya shokapu usiilegeze kamwe shokapu likiwa ndani ya gari au nje bila vibano. Nati za pembeni zinashika bodi. Ya katikati inashikilia springi iliyokandamizwa, na ikiachia inaruka kwa nguvu ya kuvunja taya au kuua. Nimeona gereji ambako springi inafungwa kwa kamba ya katani na dua. Ondoka hapo.

Bushi za wishiboni zina siri ambayo mafundi wengi wanaijua na wachache wanaitekeleza. Bolti zake za mwisho zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, au wishiboni imenyanyuliwa kwa jeki mpaka kimo hicho. Ukizikaza tairi zikiwa zinaning'inia, mpira unabaki umejinyonga muda wote gari likiwa barabarani, na mwenye gari anarudi baada ya muda mfupi analalamika bushi ni feki. Simama hapo wakati zinakazwa. Na zile bushi za kuchonga kwa mpira mgumu, mimi nazikubali kwa dharura tu. Zinanyamazisha mlio lakini zinapeleka kila rasta moja kwa moja kwenye usukani.

Ukienda kununua spea, beba ya zamani mkononi na namba ya chesesi kwenye simu. Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana linki kwa sentimita. Uliza kushoto au kulia kabla ya kulipa. Na spea ya zamani ni yako, rudi nayo nyumbani.

Kipi kinasubiri na kipi hakisubiri

Linki inaweza kungoja mwisho wa mwezi. Inakera tu. Beringi ya shokapu nayo utaivumilia siku chache, ukijua springi haijakatika. Sivi jointi inayolia kwenye kona bado ina muda kidogo, ila inayolia hata ukienda moja kwa moja itakuacha porini, na kati ya Dodoma na Mtera pori ni refu.

Boljointi na tairodi endi zinazocheza hazisubiri. Zikichomoka, tairi inalala ubavu au inageukia inakotaka, na usukani ulioushika hauna tena kazi. Usiseme "nifike Gairo kwanza". Gari lisitoke hapo lilipo.

Baada ya kazi

Ukigusa tairodi, raki, shokapu au wishiboni, nenda alaimenti siku hiyohiyo, vinginevyo tairi zitaliwa upande. Kisha rudi kwenye kiwanja kilekile, duara kushoto, duara kulia, rasta, breki. Ukiwa umetembea kilomita hamsini hadi mia, kaza tena nati za tairi na uguse kila bolti iliyofunguliwa.

Fundi wa pili aliponitolea ile beringi aliiweka kwenye kiganja changu, akasema, "Izungushe, mzee." Niliizungusha kwa kidole gumba. Ilisaga kama jino lililouma mchanga, ikakwama, ikaruka. Ndani yake kulikuwa na kijiko kizima cha udongo mwekundu.